Kwa mwanangu, kabla hujavuka kwenda bara

Las Palmas, Julai

Mwanangu,

Mama yako kaniambia umekubaliana na klabu ya soka ya huko Extremadura, Hispania bara, na kwamba Jumapili unaondoka. Hongera. Ningependa kuisikia habari hiyo kinywani mwako, si jikoni, lakini yaishe.

Nina swali moja: wamekuandikisha Seguridad Social, hifadhi ya jamii ya serikali, au wamekuahidi tu? Usinijibu kwamba rais wa klabu ni mtu mzuri. Uzuri wake hauandikwi kwenye vida laboral, ile rekodi ya siku ulizochangiwa kazini. Msimu uliopita ulifunga mabao 11, nusu ya msimu ukalipwa kwa bahasha. Juni 30 mkataba ukaisha, ukaenda kudai posho ya kukosa kazi, ukaambiwa siku zako za michango hazijafika 360. Sheria ya mwaka 1985 ya wanamichezo inasema mikataba yenu lazima iwe na mwisho. Basi siku zisipohesabiwa, kila kiangazi utaanzia sifuri. Na ukivunjika mguu je? Miaka yangu ya mwanzo hapa bandarini haimo kwenye hesabu ya pensheni, unajua, sirudii.

Miguu yako sina ubishi nayo. Lile bao la kichwa la dakika za mwisho nimelitazama mpaka dada yako akaninyang'anya simu. Ila ukipoteza mpira bado unasimama kumlalamikia refa badala ya kukimbia kukaba. Umeshavuka miaka 23, na nafasi za watu wa umri wako kikosini zina kikomo. Kocha mpya hatakubembeleza.

Mama yako atakutajia tena Enric Gallego, mshambuliaji aliyekuwa Segunda B, daraja la tatu wakati ule, na klabu ya Cornellà, akaja kucheza Primera, ligi kuu, na klabu ya Huesca mwaka 2019 akiwa na miaka 32. Ni kweli. Lakini Segunda Federación, daraja la nne unakokwenda, ina timu 90, kila timu ina washambuliaji watatu, wanne, na wote wana mama anayewasimulia habari za Gallego. Katika kila kundi timu tano za mkiani zinashuka moja kwa moja. Mkishuka, mkataba wako unasemaje? Umeusoma, au umesomewa na wakala?

Yule wakala, sawa, alikula pilau hapa kwetu na mimi ndiye niliyekuwa nikimwongezea nyama. Hata hivyo karatasi usimwachie yeye.

Chumbani kwako dada yako ameshaingiza cherehani yake, kwa hiyo usishangae. Gari unalipeleka kwa meli ya Huelva au tuliuze? Bima inaisha Septemba na safari hii silipi mimi. Mama anakufungashia gofio, ule unga wa nafaka za kukaanga. Nimemwambia Extremadura hakuna njaa, hasikii, kaongeza mfuko wa pili.

Jumatatu ukifika ofisini kwao, kabla hujapewa jezi, omba nakala ya kuandikishwa kwako, ipige picha, unitumie. Wakisema "kesho", waulize kesho saa ngapi. Wakiendelea kukuzungusha wapigie AFE, ndicho chama chenu cha wachezaji, na ada yao ulipe usijifanye umesahau. Mshahara wa mwezi wa kwanza usikutie usingizi, karatasi kwanza.

Viatu vyako vya nyasi bandia viko roshani, vinanuka. Vichukue.

Baba yako