Barua ya wazi kwa makocha wa chesi wa Nairobi

Wanangu makocha,

Salamu kwenu nyote mnaofundisha Jumamosi kwenye kumbi za mitaa, Kayole, Mathare, Kibera, hadi wanaoitwa majumbani kule Westlands. Kazi yenu naiona. Lakini nina neno.

Mnafundisha wote sawasawa. Mtoto wa miaka saba aliyeanza juzi anakaririshwa Ufunguzi wa Sisilia, mpangilio maarufu wa hatua za mwanzo, kama kijana anayejiandaa kwa mashindano. Mzazi akisikia mwanawe anataja majina makubwa, anafurahi na kulipa ada. Mtoto mwenyewe akikutana na mpinzani asiyefuata yaliyokaririwa, hatua ya tatu tu kapotea.

Anayeanza mpe kete chache. Capablanca wa Kuba, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1921, alishauri mtu aanze kujifunza mwisho wa mchezo. Mpe mfalme na malkia dhidi ya mfalme pekee, kisha mwache ahangaike. Atamfukuza mfalme mweusi hadi kwenye kona ya ubao, mraba wa a8, amtue malkia wake mraba wa b6 kwa mbwembwe. Hakuna sheki, yaani mfalme hashambuliwi, na hana pa kwenda: sare! Usimnyang'anye kete umwonyeshe. Muulize tu, "Sasa huyu aende wapi?" Ataitazama a7, ataitazama b7, ataitazama b8, kisha ataguna. Guno hilo lina thamani kuliko hotuba yako.

Wa katikati wapeni mafumbo kila siku na mechi nyingi za kuchezwa kwa saa. Hapo sina la kuongeza.

Waliokomaa ndio wanaonipa shida, maana huku ndiko kocha hupenda kujionyesha. Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia wa zamani, ambaye mabingwa wenzake Karpov, Kasparov na Kramnik walipitia mikononi mwake, alisisitiza mchezaji achambue mechi zake mwenyewe. Siku hizi kijana akimaliza mechi anafungua programu ya kuchambua chesi kabla hajainuka kitini. Inamwambia alikosea hatua ya 23, anasema "aa, kweli," basi yameisha. Mwambie aandike kwanza kwa kalamu: hapa niliwaza nini, hapa niliogopa nini. Programu baadaye. Ukisoma daftari hilo utagundua, kwa mfano, kwamba kila akibakiwa na dakika tano anabadilishana malkia ili tu moyo utulie. Hilo hakuna programu itakayokuambia. (Na kuna makocha hodari sana ubaoni ambao hawana subira ya kusoma daftari la mtu. Hao heri wacheze.)

Mwanafunzi akianza kukushinda mara kwa mara, mtafutie anayekuzidi wewe. Najua ada yake inauma kuipoteza, na kodi ya nyumba haingoji. Hata hivyo, mwache aende na daftari lake, nawe umpigie simu kocha mpya umweleze kijana anaogopa nini.

Mzee wenu,
Buruburu