Risala ya Wazazi Wanaozungumza Kiswahili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Familia ya Shule, St. Paul, Minnesota

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mjumbe wetu katika Bunge la Jimbo la Minnesota;
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule;
Mkuu wa Shule na walimu wote;
Wazazi na walezi wenzetu;
Wanafunzi wetu wapendwa;
Mabibi na mabwana:

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu, na kwa kukubali jambo ambalo kwetu si dogo: risala hii inasomwa kwa Kiswahili, na wewe ndiye uliyevaa kifaa cha mkalimani sikioni. Siku nyingine huwa tunakivaa sisi, na siku nyingi zaidi hakuna cha kuvaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wa wazazi unaotuona hapa tumetoka Uvira, Bukavu na Kalemie, mashariki mwa Kongo. Wengine tulipitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wengine Kakuma kule Kenya, wengine Nakivale kule Uganda. Wapo Wakenya na Watanzania waliokuja kwa masomo au kazi wakabaki, na wapo Wabantu wa Somalia ambao nyumbani husema Kizigua na kwa majirani Kiswahili. Watoto wetu wanakaa darasa moja na Wahmong na Wakaren wenye asili ya Asia, Wasomali, Waoromo, Wamexico na Wamarekani weusi waliozaliwa mitaa hii hii. Asubuhi koridoni utasikia lugha sita kabla kengele haijalia.

Wengi wetu tulipofika tulidhani chata (charter school, yaani shule ya mkataba kama hii yetu) ni shule ya kulipia. Kuna mama aliyekaa muhula mzima bila kuandikisha mwanawe, akiogopa hata kuulizia karo. Ndipo tulipoelezwa kwamba shule ya mkataba ni shule ya umma: haina karo, haina mtihani wa kuingilia, na waombaji wakizidi, nafasi hugawiwa kwa bahati nasibu. Tukaelezwa pia kwamba chimbuko lake ni hapa hapa. Mwaka 1991 Bunge lenu lilipitisha sheria ya kwanza ya shule za aina hii katika Marekani nzima, na Seneta Ember Reichgott Junge ndiye aliyeubeba muswada huo kwenye Seneti. Sheria iliruhusu shule 8 tu. Mwaka uliofuata, 1992, ya kwanza ikafunguliwa katika mji huu wa St. Paul, nayo ni City Academy, iliyoanza ndani ya kituo cha michezo cha jiji kwa ajili ya vijana walioacha masomo. Sisi ambao watoto wetu walianza masomo chini ya turubai tunaielewa shule iliyoanzia mahali pasipokuwa shule.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba uniruhusu niseme la kwangu mimi ninayesoma.

Mwanangu wa kwanza alifika nchi hii akiwa na miaka 17. Nyarugusu alikuwa amesoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na katikati masomo yalikatika miaka miwili. Shule ya kwanza iliyompokea, ambayo siyo hii, iliniita kikao. Hapakuwa na mkalimani, basi mwanangu mwenyewe akawekwa atafsiri mazungumzo yanayomhusu. Nilikaa pale karibu saa nzima, nikatabasamu kila walipotabasamu, nikaweka sahihi. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba nilikubali atolewe darasa la hesabu, somo alilolipenda kuliko yote. Mtoto alijua. Hakuwa na namna ya kumwambia baba yake mbele ya watu wazima wale wote. Haki ya mzazi kuelezwa kwa lugha anayoielewa imesimama juu ya Sheria ya Haki za Raia ya 1964, lakini haki usiyoijua huwezi kuidai.

Alipohamia hapa, mwalimu wa hesabu alimpa karatasi yenye maswali bila maneno mengi, namba tupu. Alimaliza yote. Wiki iliyofuata alikuwa ndani ya darasa la hesabu, na mwalimu wa Kiingereza akakaa kando yake kumsaidia maneno. Shule hii inaifahamu sheria ya jimbo ya 2014 inayowatambua wanafunzi ambao masomo yao yalikatizwa, na inafahamu kwamba kijana hapotezi haki ya kusoma bure mpaka afikishe miaka 21. Walimu, hatuna cha kuwalipa. Mungu awazidishie.

Lakini, Mheshimiwa, tukikusifia tu tutakuwa tumekuita bure.

Shule ya mkataba huongozwa na bodi ya kuchaguliwa, na sheria inataka ndani ya bodi hiyo awepo mwalimu, awepo mzazi, awepo mtu wa jamii. Mzazi ana kura. Katika nchi tulizotoka, wengi wetu hatujawahi kuwa na kura yoyote juu ya shule ya mtoto. Sasa tunayo, na hatuitumii, kwa sababu mikutano ya bodi ni ya wazi lakini inaendeshwa kwa Kiingereza, kumbukumbu zake zinaandikwa kwa Kiingereza, na maelezo ya wagombea yanakuja kwa Kiingereza. Bajeti inapitishwa, kalenda inabadilishwa, basi linafutwa, na sisi tunapata habari kutoka kwa watoto. Kijana wa miaka 15 anapokuwa ndiye anayejua maamuzi na baba yake hajui, heshima ya nyumba inaanza kulegea. Hilo tunaliona kila siku.

Ukalimani wa simu upo, na tunashukuru. Ila Kiswahili ni kipana. Mama wa Uvira akisema "batoto bangu bako wapi," mkalimani wa simu aliyezoea Kiswahili cha vitabuni humwomba arudie mara tatu, na mama akishaombwa mara tatu hunyamaza. Tunachokiomba ni mkalimani mmoja anayefahamika, aliyesomea kazi hiyo, anayelipwa, atakayekaa kwenye kila mkutano wa bodi na kila kikao cha mzazi na mwalimu. Isiwe tena mtoto wetu. Tunakuomba, Bunge litenge fungu la kazi hiyo kwa shule ndogo kama yetu.

Ombi la pili linahusu lugha hiyo hiyo. Jimbo hili hutoa muhuri wa lugha mbili, yaani uthibitisho kwamba anazimudu lugha mbili, kwa mwanafunzi anayemaliza, na vyuo vya Minnesota State huuhesabu kama krediti za masomo ya chuo. Hapa wanafunzi wa Kihispania wameshafanya mtihani wa muhuri huo, wa Kiswahili bado. Watoto wetu wanaambiwa wana upungufu wa lugha, na huku wanazo tatu au nne. Tungependa siku moja waone Kiswahili kimewapa alama na si kuwapunguzia.

Kuhusu jengo tutasema kwa kifupi, maana umeliona. Ni la kupanga. Chata haina mamlaka ya kutoza kodi ya majengo, hivyo inategemea ruzuku ya pango kutoka jimboni, nayo ina kikomo na hailipi pango lote. Kinachobaki kinatoka kwenye fedha za darasani. Hatuna maabara ya maana, na vijana wanacheza mpira kwenye uwanja wa kuazima.

Tunajua pia kwamba wapo wanaozilaumu shule za mkataba kwa kuwatenga watoto kwa rangi, na kwamba kesi ya Cruz-Guzman dhidi ya jimbo, iliyofunguliwa 2015, inahusu jambo hilo. Hatuipuuzi. Hatukuleta watoto hapa ili wakae peke yao. Tuliwaleta kwa sababu hapa kuna mtu aliyejifunza kutamka majina yao. Mheshimiwa, jambo hilo likifika mezani kwenu, tunaomba wazazi wa hapa waitwe waseme, na awepo wa kuwatafsiria.

Nakala ya risala hii ipo kwa Kiswahili na Kiingereza. Naomba nisogee nikukabidhi mkononi, na baada ya hapo wanafunzi wa darasa la kumi na mbili wakuongoze mezani. Kina mama wameamka alfajiri kupika sombe na ugali, na Wasomali wameleta sambusa.

Ahsante sana kwa kutusikiliza.

Ni sisi wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili.