Nogesha irudi jikoni

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu enzi lilipokuwa likifika hapa Muheza kwa basi la mchana, likiwa limeshasomwa na kondakta na nusu ya abiria, na katika miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilinyamaza hata mlipoyapunguza maandishi ya ukurasa wa mapishi yakawa madogo kama mbegu za mchicha. Habari yenu ya Jumamosi iliyopita, ile iliyobebeshwa kichwa cha "Kwaya tatu kunogesha ibada ya kumbukumbu", ndiyo iliyonifanya nimwombe mjukuu wangu karatasi. Ibada hiyo, Mhariri, ilikuwa ya kuwakumbuka marehemu.

Mimi ni mpishi. Nimepika katika jiko la shule ya bweni, kisha katika harusi na misiba ya watu, jumla zaidi ya miaka 30, na neno hili "kunogesha" nalijua kwa ulimi. Pilau hainogi kwa sababu mpishi ametangaza. Kitunguu huachwa hadi kigeuke rangi ya kahawia, nyama ikafuata, binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga vikapimwa kwa kiganja, na baada ya hayo yote mpishi hufunika sufuria, akapalia makaa juu yake na kunyamaza. Mwenye haki ya kusema "imenoga" ni mlaji, naye husema hivyo akiwa ameshameza tonge la kwanza. Ninyi mnasema siku tano kabla: msanii fulani kunogesha tamasha, bendi fulani kunogesha uzinduzi, mbio za magunia kunogesha Mei Mosi. Hiyo "ku-" ya vichwa vya habari, ambayo mmeigeuza kuwa wakati ujao, inampa mwandishi ruhusa ya kusifia ladha ya chungu ambacho bado hakijainjikwa; na tamasha likidorora, watu wakaondoka saa tatu usiku, sijaona mkirudi kutuarifu kwamba halikunoga.

Zamani mwimbaji alitumbuiza, mchekeshaji alichangamsha, ngoma iliburudisha, mazungumzo yalikolea, mjadala ulipamba moto na sherehe ilifana. Vitenzi hivi vilikuwa na kazi zao, na msomaji aliweza kujua, kabla hajaifikia aya ya pili, ni jambo la namna gani lililotokea. Sasa vyote vimeachishwa kazi, amebaki mmoja anayezunguka na kijiko chake kila mahali. Jiko lenye kiungo kimoja tu nimewahi kuliona, lilikuwa la shule, na wanafunzi waligoma.

Ningeweza kuendelea kuyasamehe haya kama yangeishia gazetini. Mwaka jana tulimzika kaka yangu mkubwa, aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki na aliyeuza baiskeli yake ili mimi nimalize darasa la saba. Familia ilikodi mshereheshaji, maana siku hizi hata msiba una mshereheshaji, na hilo jina lenyewe sikulichagua mimi. Nilikuwa nyuma ya nyumba na kina mama wenzangu, nimesimama mbele ya sufuria ya wali, moshi umenijaa machoni, jambo lililonisaidia kwa kuwa hapakuwa na aliyeniuliza kwa nini ninalia. Ndipo kipaza sauti kikasema, kwa sauti ile ile ya kumpokea bibi harusi, "Sasa naomba kwaya ya vijana ije itunogeshee msiba wetu, na ninyi mbona mmepoa hivyo?" Tumepoa! Mwili wa kaka yangu uko sebuleni, na mtu aliyelipwa fedha zetu anatuuliza kwa nini tumepoa. Nilikuwa na mwiko mkononi, na nadhani yule bwana alihitaji mwiko wa ile maana ya pili. Nilipomfuata baadaye, kwa adabu, kumweleza kwamba msiba haunogi, na ukinoga basi kuna mtu aliyekuwa akiungojea, alinijibu, "Mama, hilo neno mbona hata magazetini lipo?" Nilikosa la kumjibu, kwa sababu alisema kweli.

Sijui kama niliunganishe neno hili "nogesha" na ndugu yake wa maofisini, huyu "huisha", lakini kwa kuwa nimeshanunua bahasha nitasema. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilimtumia jirani yangu, bibi wa miaka 78, ujumbe wa simu uliosema, "Huisha taarifa zako." Kwa aliyeutunga, maana yake ni kuzitia uhai upya. Kwa bibi, ambaye Kiswahili chake ni cha kuzaliwa nacho, "huisha" ni kitu ambacho kwa kawaida hufikia mwisho, na kwa umri wake alikuwa na sababu ya kuhofu. Alinijia alfajiri akiuliza ni nini tena kinachoisha. Kwani "sahihisha taarifa zako" ingewagharimu nini?

Kwa upande wako, Mhariri, napendekeza kopo la chumvi, ile ya mawe, liwekwe kwenye meza ya habari za burudani. Kila mwandishi atakayetaka kuandika "kunogesha" kuhusu jambo lisilolika, aonje kwanza kijiko kimoja cha chai kilichojaa, bila maji, mbele ya mhariri msaidizi, kisha aandike. Pilau, mchuzi wa nazi na kachumbari visamehewe sharti hili. Chumvi nitaileta mwenyewe siku nitakapokuja Tanga mjini, ila kopo mtafute ninyi.

Wako katika kazi ya jikoni,
Mpishi wa shughuli,
Muheza, Tanga.