Hiyo "have" si "-me-" kila pahala

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, maana hili jambo linanikera na kila nikilitaja barazani wenzangu wananicheka, wanasema mzee mambo ya grama waachie waalimu. Sasa hao waalimu ndo nnaotaka kusema nao.

Watoto wetu skuli wanafunzwa kwamba "have" na "has" ndo "-me-" yetu. Nimekula, "I have eaten". Amefika, "he has arrived". Sawa, hapo inakubali. Tabu inaanza mtoto akishatia siku. Sisi tunasema "nimefika jana" na hashtuki mtu, lakini Muingereza hata umwamshe usingizini hakwambii "I have arrived yesterday". Ukishataja wakati uliokwisha, jana, wiki ilopita, mwaka fulani, "have" inaondoka unabaki na "I arrived yesterday" basi. Juzi nimelishika daftari la mjukuu wangu (nimelishika juzi, mnaona?), kaandika kwa mwandiko mzuri "My uncle has come from Pemba last week" na pembeni pana tiki nyekundu kubwa. Tiki! Mtoto keshaambiwa ni sahihi, nani tena atamwambia vyengine akamsikiliza.

Matokeo yake utayasikia Mji Mkongwe kwa vijana wanaotembeza wageni. Historia wanaijua, hilo siwanyimi, lakini wakifika jumba la Beit el Ajaib utasikia "Sultan Barghash has built this palace in 1883", na "part of it has collapsed in 2020", mwengine anazidisha anasema "has been collapsed" kama kwamba kuna mtu kaja kuliangusha. Sema "built", sema "collapsed", umemaliza, tena ni rahisi zaidi. Kazi yao yote ni kutaja miaka, na mwaka ukitajwa "have" haina kazi hapo. Ukiacha mwaka, "part of it has collapsed" ni Kiingereza safi kabisa.

Sasa kubwa kuliko yote ni "gone" na "been", hapa hata waliosoma wanateleza. Kuna hoteli moja pwani ya mashariki nilikuwa nimepeleka pweza jikoni, mgeni akaja kumuulizia meneja, kijana wa mapokezi akamjibu "He has been to Pemba". Mgeni akafahamu bwana alikwenda na karudi, basi akavuta kiti akakaa chini ya feni kumsubiri, mpaka mie namaliza kupimiwa pweza na kulipwa na kugombana kidogo kuhusu bei yule mgeni yupo tu anatizama mlango, na meneja mwenyewe yuko Wete harusini. Ilikuwa aambiwe "He has gone to Pemba".

Na hili mtoto wa Unguja halimpi tabu akielezwa kwa lugha yake. Tukisema "kenda Pemba" huyo yuko huko bado, ndo "gone". Tukisema "keshapata kwenda Pemba" huyo unaweza kumkuta saa hii Darajani ananunua viazi, ndo "been". Tofauti kazaliwa nayo, hajaambiwa tu kuwa Kiingereza nacho kinayo.

Halafu "-me-" yetu inabeba na hali ya mtu alivyo sasa hivi. Mtoto amelala, anakoroma, wewe unasema "he has slept", hapana, "he is asleep". Nimechoka ni "I am tired", hamna "have" hapo hata ukiitafuta.

Wapo watakaoniambia mbona Wamarekani wanasema "I already ate". Kweli, kwao sawa, Muingereza atapenda "I've already eaten". Lakini hata Mmarekani hasemi "I have eaten yesterday".

Na wale wa "maadam anafahamika" nawajibu hivi, sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitaka hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, kwa hiyo mtoto anayeandika "we have heated the water yesterday" analipeleka kosa lake mpaka kwenye sayansi.

Madarasani wanaimba "go, went, gone" mpaka sauti inafika barabarani na ni vizuri, waimbe. Ila wakimaliza mwalimu aandike ubaoni "yesterday" na "in 1883" upande mmoja, "already" na "yet" upande wa pili, awaulize wapi inakaa "went" na wapi inakaa "have gone". Dakika kumi zinatosha, na ile tiki ya kwenye daftari la mjukuu wangu naomba aifute.

Wenu msomaji,
Jang'ombe, Unguja