Vidani Jumamosi: saa na mahali vimebadilika

Habari zenu wapendwa, poleni na kazi. Ile darasa yetu ya kutengeneza vidani kwa kufunga vijiwe vya urembo kwa waya haitakuwa tena asubuhi, tumesogeza mpaka saa nane mchana Jumamosi hii, na si Kabalagala tena, tunakutana Ntinda nyumbani kwa mweka hazina maana pale kuna meza kubwa na kivuli.

1. Mchango ni 15,000 kila mtu, tuma kwa mobail mani ya mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni, na uweke ya kutolea jamani. Ijumaa naenda mjini kununua waya, asiyetuma simhesabu.

2. Waya ni ya shaba, milimita 0.8 ya fremu na 0.3 ya kuzungushia. Msilete ile ya kusukia mota, ina vanishi, ukiibana na plaisi inabanduka inabaki madoa.

3. Njoo na plaisi yako ya mdomo mwembamba, kijiwe kimoja au viwili vilivyong'arishwa, visivyo na tundu. Wageni chagueni cha mviringo wa yai chenye ukingo mnene kidogo, hicho waya inashika, kile bapa kinachoteleza kitakutoa machozi. Ncha za waya tutazikunja ndani zisichane nguo ya mteja, mwezi uliopita mmoja alirudisha kidani kwa sababu hiyo.

Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na chai tutapata hapohapo. Naomba kila mtu ajibu NAKUJA au SIJI leo kabla ya saa tatu usiku, emoji ya kidole sihesabu.