Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Nami niseme tu kwamba ada zinasuasua, na wasiolipa wanajijua. Vikao vya Juni na Julai havikujaa kwa sababu ya baridi, hasa kwa wenzetu wanaotoka Uyole na Tukuyu.

Mwaka huu muda wetu mwingi umekwenda kwenye ugonjwa wa usahaulifu wa wazee (dementia), na kile watafiti wanachokiona ndani ya ubongo. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliuchunguza ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki, Auguste Deter. Alikuta mabaka nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo tunajua mabaka hayo ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi ni protini ya tau. Lililowashtua wengi kikaoni ni kwamba mabaka huanza kujikusanya miaka 15 au 20 kabla mtu hajaanza kupotea njia ya nyumbani. Bibi anayemwita mjukuu kwa jina la marehemu akiwa na miaka 75, huenda ugonjwa ulimwingia akiwa bado analima na kuuza viazi. Jirani wa kusingiziwa uchawi yuko wapi hapo?

Mjadala uliowaka kuliko yote ni wa watawa wa Marekani. Katika utafiti ulioanza mwaka 1986, watawa 678 walikubali kupimwa kumbukumbu kila mwaka na ubongo wao uchunguzwe wakishafariki. Baadhi yao walikutwa na mabaka tele, ilhali walikufa wakiwa na akili timamu. Waliokuwa na mabaka pamoja na viharusi vidogo ndio walioonyesha ugonjwa kwa wingi zaidi. Mzee mmoja alisimama akasema kwao maiti huzikwa ikiwa kamili, na hataki kusikia habari ya kichwa kupasuliwa. Wengine walimzomea. Sikupenda. Msiba ni wa ukoo, na chama hiki hakitamshurutisha mtu. Ila nawaomba tukumbuke kwamba yote tunayoyajua tumeyapata kwa waliokubali.

Kuna utafiti usiohitaji kisu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walichunguza zaidi ya wazee 1,000 wenye miaka 70 na kuendelea, wakakuta wapatao 6 katika kila 100 wana ugonjwa huu. Huko huko kikatengenezwa kipimo kinachowafaa hata wasiojua kusoma: mzee anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa. Hakuna kuchora saa wala kuandika sentensi. Mimi nimekipenda kwa sababu hakimwaibishi mtu kwa kukosa shule.

Lakini Hai si Mbeya. Huku nyanda za juu kusini tunafuga nguruwe, na Mbozi inajulikana kwa tegu (mnyoo) wa nguruwe, ambaye mabuu yake huingia ubongoni, yakaleta kifafa na wakati mwingine kuvuruga akili. Virusi vya Ukimwi navyo hugusa ubongo, na Njombe, Iringa na Mbeya zimo kwenye mikoa yenye maambukizi mengi nchini. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na sonona huweza kufanana na ugonjwa huu, nazo zinatibika. Kwa hiyo mzee akianza kusahau apelekwe hospitali kwanza. Kusema “ni uzee tu” kumewanyima wengi matibabu.

Mwakani kamati inapendekeza tununue mashine mbili za kupimia presha, zizunguke kwenye vikundi vyetu vya Mwanjelwa, Iyunga na Uyole. Presha ndiyo mlango mkuu wa viharusi, na inapimika kwa wenye miaka 40, bila kungoja mvi. Wanaotaka kujifunza kupima wampe katibu majina kabla ya chakula, maana mvua hizi hatutakaa hadi jioni.