Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mnato wa Mjusi Kafiri na Nyuso Zisizo Laini

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za chama zilikwenda vizuri mwaka huu, kwa hiyo sitazieleza kwa kirefu. Naitumia nafasi hii kwa suala lililotawala mikutano yetu, nalo ni jinsi hali ya uso unaoshikwa inavyoamua kama nyenzo zilizoundwa kwa kumwiga mjusi kafiri zitanata au zitabanduka.

Mwaka 2000 mtafiti Kellar Autumn na wenzake walipima nguvu ya kushika ya unywele mmoja wa wayo wa mjusi aina ya tokay, wakapata takriban mikronyutoni 200. Miaka miwili baadaye walitoa ushahidi kwamba kinachoshika hasa ni nguvu za van der Waals, yaani mvutano hafifu kati ya molekuli zilizo karibu sana. Nguvu hizo hufifia mara nyuso mbili zinapoachana hata kwa nanometa (sehemu ya bilioni ya meta) chache, ndiyo maana vilima na mabonde yasiyoonekana kwa macho yana uzito mkubwa katika kazi yetu. Unywele huo, wenye urefu wa mikrometa 100 hivi, hugawanyika katika mamia ya ncha, na kila ncha huishia kwenye kijibapa chenye upana wa nanometa 200 hivi.

Ukubwa wa kijibapa hicho ndio kiini cha jambo lenyewe. Vilima vikiwa vidogo sana kukilinganisha nacho, kijibapa hulala juu yake karibu kama juu ya kioo. Vikiwa vikubwa sana, kijibapa hupata nafasi ya kulala kwenye ubavu wa kilima kimoja. Shida iko katikati, pale vilima vinapokaribiana nacho kwa ukubwa, kwa maana hapo kijibapa hugusa vilele tu na kuacha mabonde wazi. Mwaka 2007 mtafiti Huber na wenzake walionyesha kwamba mjusi mwenyewe hupungukiwa na mnato kwenye nyuso ambazo wastani wa urefu wa vilima vyake ni kati ya nanometa 100 na 300. Nayaona matokeo haya kuwa ya thamani kubwa, kwani yanatuonyesha kwamba hata kiumbe tunayemwiga ana mipaka yake.

Nguzo zetu ndogo za silikoni zenye vichwa vya uyoga, tulizoziunda kwa kuiga nywele hizo, hushika kioo kwa nguvu, lakini kwenye uso unaoparuza huanguka, kwa kuwa vichwa vyake ni vipana mno kuingia mabondeni. Kuzifanya nyembamba na ndefu zaidi si dawa peke yake. Katika kikao kimoja tuliitazama sampuli ya aina hiyo kwa hadubini: nguzo zilizotoka kwenye kalibu zikiwa zimesimama safu kwa safu zilikuwa zimeinamiana makundi makundi, vichwa vimegandana kama nywele zilizolowa. Ndiyo maana naamini njia yenye matumaini ni matawi ya ngazi kadhaa, shina nene likibeba ncha nyembamba, ingawa kuitengeneza ni kazi ngumu.

Kwa sababu hizo, naomba kila mwanachama anayewasilisha kipimo cha mnato aeleze pia uso alioupimia, si kwa urefu wa vilima pekee bali na kwa umbali kati ya kilima na kilima, kwani nyuso mbili zenye wastani mmoja wa urefu zaweza kushikika kwa namna tofauti kabisa. Kipimo cha kwenye kioo kitupu kisipokelewe tena kama ushahidi wa kutosha. Kamati itakusanya maoni yenu kuhusu nyuso za pamoja za kupimia kabla ya mkutano mkuu ujao.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti